Kwa Nini Kompyuta Hukataa Kuimba: Hataza, Hakimiliki na Programu Huria

Baada ya pamba kuvunwa na kuuzwa, vijiji vya Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu huingia katika msimu wa ngoma. Vyama viwili vya jadi vya Wasukuma, Bagalu na Bagika, hushindana katika uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule anayewavuta watazamaji wengi upande wake. Ushindi huo hautokani na miguu peke yake. Manju, ambaye kwa Kisukuma huitwa ningi, hana budi kuja na wimbo mpya, kwa kuwa wimbo uliozoeleka haumtoi mtu upande wa pili wa uwanja.

Zamani wimbo wa namna hiyo ulisafiri kwa kukumbukwa tu. Siku hizi unasafiri kwa simu. Anayerekodi uwanjani leo huwagawia wenzake kesho, na kama ilivyo katika miji mingi ya Tanzania, wapo mafundi wanaowaingizia wateja nyimbo katika memori kadi na flashi kwa malipo madogo. Shule nazo zina kompyuta, nyingi zikiwa ni za zamani zilizokwisha tumika ofisini au ng'ambo, na mwalimu mwenye bidii huona ni vema kuziwekea mfumo huria wa uendeshaji, kama vile Ubuntu, Debian au Fedora, ambao haudai ada ya leseni.

Kazi huenda vizuri mpaka siku ya burudani. Kompyuta inaandika barua, inapiga hesabu za alama za mitihani, inachapa. Lakini mwanafunzi anapochomeka simu yake ili darasa zima litazame ngoma iliyorekodiwa Jumamosi, kioo huonyesha maneno machache kwamba kodeki inayotakiwa haipo. Picha haionekani, au inaonekana bila sauti. Hapo huzuka hukumu mbili. Wa kwanza husema cha bure ni cha bure tu, kwa hiyo mfumo huu ni mbovu. Wa pili, aliyesikia mahali fulani habari za leseni, husema kuchezesha muziki katika mfumo huu ni kosa la jinai. Wote wawili wamekosea, na kosa lao si dogo, maana shule inaweza kuufuta mfumo halali na kuweka mahali pake nakala ya wizi ya mfumo wa kulipia, ikidhani imetoka kwenye uharamu na kuingia kwenye uhalali, kumbe imefanya kinyume chake.

Pamba, robota na sauti

Ili kufahamu kiini cha jambo hili inafaa kwanza kujua kinachotokea sauti inapowekwa katika faili. Kompyuta haihifadhi sauti yenyewe, bali vipimo vya sauti. Katika diski ya muziki ya kawaida, nguvu ya wimbi la sauti hupimwa mara 44,100 kwa kila sekunde, kwa masikio mawili, na kila kipimo huandikwa kwa tarakimu 16 za sifuri na moja. Kwa hiyo sekunde moja ya muziki inahitaji tarakimu 1,411,200. Wimbo wa dakika nne unafika baiti milioni 42 na zaidi. Kadi yenye nafasi ya baiti bilioni 2 ingejaa baada ya nyimbo 47.

Mtu wa Simiyu ana njia mbili za kupunguza ukubwa wa mzigo, na zote mbili huziona kila mwaka. Njia ya kwanza ni ya robota: nyuzi za pamba hukandamizwa kwa mtambo mpaka hewa ikatoka, na robota likifunguliwa huko linakokwenda nyuzi zote zimo. Katika kompyuta ipo miundo ya faili inayofanya hivyo hivyo. FLAC ni mmojawapo. Mzigo hupungua, lakini si sana. Njia ya pili ni ya kinu cha kuchambulia: mbegu hutolewa kabisa, na mnunuzi wa nyuzi hailalamikii, kwa sababu hakuwa na haja nayo. Muundo wa MP3 ni kinu cha namna hiyo. Hutupa sehemu za sauti ambazo sikio la binadamu lisingezisikia.

Sehemu hizo ni nyingi kuliko inavyodhaniwa. Sikio la kijana husikia mitetemo kuanzia 20 hadi 20,000 hivi kwa sekunde, lakini halisikii yote kwa wakati mmoja. Ngoma kubwa ikipigwa, sauti hafifu iliyo karibu nayo kwa kimo au kwa wakati hufunikwa, kama vile mnong'ono unavyofunikwa na kelele za mnadani. Watafiti walipima ufunikaji huo kwa makini, kisha wakatunga kanuni za hesabu zinazoamua, katika kila kipande kifupi cha muziki, ni kitu gani kitunzwe na kipi kitupwe. Kwa kiwango cha tarakimu 128,000 kwa sekunde, wimbo uleule wa dakika nne hushuka hadi baiti 3,840,000, na kadi ileile hubeba nyimbo 520. Bila kinu hiki biashara ya memori kadi isingekuwepo.

Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa mjini Erlangen, Ujerumani, katika Taasisi ya Fraunhofer, ambako Karlheinz Brandenburg na wenzake walijaribu kanuni zao kwa wimbo wa Suzanne Vega wenye sauti ya mwimbaji peke yake bila ala, kwa sababu sauti tupu ya mtu huumbua kasoro haraka. Kanuni zilikubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwezi Julai 1995 faili za aina hiyo zikapewa kiambishi cha mp3. Taasisi hiyo na makampuni mengine yalikuwa yamekwisha kuziwekea hataza.

Haki mbili zinazochanganywa

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Hataza na hakimiliki ni haki mbili tofauti, na tofauti yake ndiyo ufunguo wa habari yote.

Hakimiliki hulinda kazi jinsi ilivyotungwa: maneno ya shairi, wimbo, picha, au msimbo wa programu ya kompyuta. Haihitaji kuandikishwa, huzaliwa pamoja na kazi. Lakini hailindi wazo. Ningi wa Maswa akitunga wimbo wa kusifu jembe, ningi wa Itilima naye ana ruhusa kamili ya kutunga wake wa kusifu jembe, na hata ikitokea beti mbili zikafanana kwa bahati tu, hakuna aliyeiba.

Hataza ni kali zaidi. Hulinda njia ya kutenda jambo. Dola humpa mvumbuzi haki ya kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wake kwa muda maalumu, kwa kawaida miaka 20 tangu ombi lilipopelekwa, naye kwa upande wake hutakiwa aueleze hadharani. Anayevumbua kitu kilekile peke yake, bila kumwona wala kumsikia wa kwanza, huzuiliwa pia. Historia ya pamba ina mfano mashuhuri. Mmarekani Eli Whitney alipata hataza ya kinu cha kuchambulia pamba mwaka 1794. Kinu chenyewe kilikuwa chepesi kufahamika, kwa hiyo wakulima wa kusini mwa Marekani walijitengenezea vyao, na Whitney akatumia miaka mingi mahakamani. Mwaka 1812 Bunge la nchi hiyo lilikataa kumrefushia haki yake. (Waliovuna kidogo kuliko wote kutokana na kinu kile ni watumwa, ambao walizidishiwa mashamba ya pamba ya kulima, lakini hiyo ni habari nyingine.)

Waandishi wa programu huria walijikuta katika nafasi ya wale waliojitengenezea vinu. Tangu Richard Stallman alipotangaza mradi wake wa GNU mwaka 1983, na Linus Torvalds wa Finland alipoanza kiini cha Linux mwaka 1991, waandishi hao walikuwa waangalifu sana kuhusu hakimiliki. Kila mstari waliuandika wenyewe au waliupata kwa ruhusa. Programu zao hutolewa kwa leseni zinazomruhusu kila mtu kuzitumia, kuzichunguza, kuzirekebisha na kuzigawa. Leseni hizo hazifuti hakimiliki, bali zinaisimamia, kwa kuwa ni mwenye hakimiliki tu anayeweza kutoa ruhusa. Lakini uangalifu huo wote haukuwa kinga dhidi ya hataza. Mtu aliyeandika kwa mkono wake mwenyewe programu ya kutengeneza MP3 alikuwa bado anatumia kinu cha Fraunhofer.

Barua ya mwaka 1998

Mwaka 1998 Fraunhofer iliwaandikia watengenezaji wa programu za bure za MP3 ikiwadai walipe leseni. Baadhi walifunga kazi. Wengine walioendeleza programu iitwayo LAME waliamua kutoa msimbo tu, bila programu iliyokwisha kuundwa, wakisema msimbo ni maelezo ya kielimu kama yalivyo maelezo ya kitabu. Jina lenyewe la programu ni mzaha wa kudai kwamba si kitengenezaji cha MP3. Chris Montgomery akashika njia nyingine: aliharakisha kazi ya kutunga muundo mpya wa sauti, Vorbis, uliokusudiwa usiguse hataza ya mtu, na toleo lake la kwanza kamili likatoka mwezi Julai 2002.

Kwa programu za kuchezeshea tu, wakala wa leseni hizo alitoza senti 75 za dola kwa kila nakala. Kwa kampuni inayouza redio ndogo elfu kumi hesabu hiyo ni rahisi. Kwa mfumo huria haiwezekani hata kuianza, kwa sababu hakuna anayejua nakala ziko ngapi: mwalimu mmoja wa Bariadi anaweza kuweka mfumo uleule katika mashine 40 kwa kutumia flashi moja, kisha akampa flashi hiyo mwenzake wa Meatu, na leseni inawaruhusu wote. Anayegawa bure asiyejua idadi ya anaowagawia hawezi kulipa kwa idadi. Hapo ndipo kampuni ya Red Hat ya Marekani, katika toleo lake la mwaka 2002, ilipoiondoa MP3 kabisa. Ukimya ule wa kompyuta haukuwa uzembe wa mafundi, bali ushauri wa wanasheria.

Kwa nini wanasheria wa Marekani hasa? Kwa sababu hataza haivuki mpaka. Hataza ya Marekani ina nguvu Marekani. Haina nguvu Tanzania mpaka iwe imeandikishwa Tanzania, ama moja kwa moja au kupitia shirika la miliki ya ubunifu la Afrika, ARIPO, lenye makao yake Harare. Na nchi hazikubaliani kuhusu kinachostahili hataza. Mkataba wa Hataza wa Ulaya wa mwaka 1973 unasema programu ya kompyuta kama programu si uvumbuzi. Marekani ilianza kulegeza mwaka 1981, Mahakama yake Kuu ilipokubali hataza ya njia ya kuivisha mpira iliyoongozwa na kompyuta, na malango yakafunguka. Mwaka 2014 mahakama hiyohiyo, katika kesi ya kampuni ya Alice, ikayafunga kiasi. Ndiyo sababu programu ya VLC, iliyoanzishwa na wanafunzi wa chuo kimoja cha uhandisi nchini Ufaransa mwaka 1996 na kutolewa kwa leseni huria mwaka 2001, iliweza kuchezesha karibu kila kitu wakati ambapo mifumo iliyotengenezwa Marekani ilikuwa imefunga mdomo.

Tanzania Bara ina Sheria ya Hataza ya mwaka 1987, ambayo haikubali kuwa nadharia za kisayansi na za kihisabati ni uvumbuzi wa kupewa hataza. Usajili wake uko mikononi mwa BRELA. Zaidi ya hayo, nchi zenye maendeleo duni, Tanzania ikiwemo, zimepewa muda hadi tarehe 1 Julai 2034 kabla ya kulazimika kutimiza masharti mengi ya mkataba wa biashara wa dunia kuhusu miliki ya ubunifu.

Kinachomsubiri mgeni wa mifumo huria leo

Hataza hufa. Wakati ulipofika, zile za MP3 zilikwisha moja baada ya nyingine, na tarehe 23 Aprili 2017 Fraunhofer ikaufunga mpango wake wa leseni. Fedora, mrithi wa kazi ya Red Hat, ilikwisha kurejesha uwezo wa kuchezesha MP3 mwishoni mwa mwaka 2016. Kwa hiyo anayeweka mfumo huria wa sasa katika kompyuta ya shule hatapata shida na nyimbo za memori kadi.

Shida imehamia kwenye video. Simu nyingi hurekodi picha kwa muundo wa H.264, uliotoka mwaka 2003, na nyingine mpya kwa H.265 wa mwaka 2013, ambao bado umezungukwa na hataza. Mwaka 2022 Fedora iliwashangaza watumiaji wake ilipouondoa msaada wa kadi za picha katika kufungua video za aina hizo, kwa sababu ileile ya mwaka 2002. Katika Ubuntu mambo ni mepesi zaidi: wakati wa kuweka mfumo hutokea kisanduku cha kutia alama, kinachouliza kama mtumiaji anataka pia kodeki kutoka kwa watu wengine. Wengi hukipita bila kukisoma. Asiyetia alama anaweza kuziongeza baadaye, ila kwa intaneti. Na pale bando linapokuwa ghali, busara ni kupakua mara moja na kuhamishia mashine nyingine kwa flashi, jambo ambalo leseni za programu hizo huria zinaliruhusu.

Diski za filamu zina kufuli la aina nyingine, lisilohusu hataza bali maandishi ya siri. Mwaka 1999 kijana wa Norway wa miaka 15, Jon Lech Johansen, alishiriki katika kutoa programu ya kulifungua ili filamu ziweze kutazamwa katika Linux. Alishtakiwa, akaachiliwa mwezi Januari 2003, serikali ikakata rufani, akaachiliwa tena mwezi Desemba mwaka huohuo. Mahakama iliona kwamba mtu aliyenunua diski yake ana haki ya kuitazama.

Yafaa kutaja pia kwamba mifumo huria si ngeni kwa Kiswahili. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukishirikiana na wataalamu kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu na maelezo ya Kiswahili. Hapakuhitajika kumwomba mtu ruhusa, kwa kuwa leseni ilikwisha kuitoa.

Wimbo ni wa nani?

Tuseme kodeki imepatikana na picha inacheza. Lipo swali lililobaki, nalo ndilo linalomgusa ningi. Mfumo kuwa huria hakuufanyi wimbo unaochezwa ndani yake uwe huria. Leseni ya Ubuntu inahusu Ubuntu. Haisemi neno juu ya wimbo wa mtu wa Itilima.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, inamlinda mtunzi katika maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Inamlinda mwandishi wa programu za kompyuta kwa namna ileile, ikizihesabu miongoni mwa kazi za maandishi. Kwa hiyo nakala ya wizi ya mfumo wa kulipia na nakala ya wizi ya wimbo wa ngoma zimo katika kapu moja, ingawa la kwanza huitwa uhalifu na la pili huitwa utani wa vijana. Sheria huacha nafasi kwa matumizi binafsi na kwa vielelezo vya kufundishia, ndani ya mipaka. Biashara ya kunakili haimo katika nafasi hiyo. Hata nyimbo za jadi zisizo na mtunzi anayejulikana, kama zile za kulimia za bugobogobo, zina sehemu yake katika sheria hiyo, ambapo idhini ya kuzitumia kibiashara imewekwa chini ya Baraza la Sanaa la Taifa.

Ugumu wa kweli ni kujua ni nani wa kulipwa. Fundi wa memori kadi akitaka kumtafuta mwenye wimbo, mara nyingi hana pa kuanzia, maana faili imepita mikono mingi na jina limebadilishwa kuwa namba. Jambo hili halitatuliwi na tozo peke yake, ingawa Bunge liliweka tozo ya hakimiliki kwa vifaa vya kunakilia mwaka 2022. Tozo huhitaji daftari, na daftari huhitaji majina.

Majina yana mahali pake. Tangu mwaka 1996 faili ya MP3 inaweza kubeba lebo mwishoni mwake, yenye ukubwa wa baiti 128 tu: 30 kwa jina la wimbo, 30 kwa msanii, 30 kwa albamu, nne kwa mwaka, 30 kwa maelezo, na chache zilizobaki kwa alama za utambulisho. Programu huria za kuijaza lebo hiyo zipo nyingi, na klabu ya wanafunzi inayorekodi ngoma za kijijini kwake inaweza kuijaza jioni ileile, baada ya kumwomba ningi ruhusa na kumuuliza jina lake linavyoandikwa. Nafasi si kubwa, lakini inatosha. Jina la Ng'wanamalundi, mchezaji ngoma mashuhuri kuliko wote wa Usukuma wa mwanzoni mwa karne ya 20, lina alama 14 pamoja na kile kikato chake. Lingeenea humo, na jina la kijiji likafuata.